Mlinzi Akimgeukia Mwenye Nyumba

Miongoni mwa maswali ambayo elimu ya uganga imeyaleta mbele ya wanafunzi wa maadili, liko moja ambalo kwa maoni yangu halijapewa nafasi inayolistahili katika lugha yetu. Swali lenyewe ni hili: ikiwa dawa humponya mtu kwa kuigusa kinga ya mwili wake, na kwa uwezo huo huo yaweza kuifanya kinga hiyo impige mwenyewe, je, mgonjwa ana haki ya kuambiwa hivyo kabla ya sindano ya kwanza, hata kama habari hiyo itamtia hofu? Wako watakaosema kwamba jibu ni jepesi na halihitaji insha. Nilikuwa mmoja wao. Jibu langu halijageuka, ila nimeona kwamba hoja niliyokuwa nikiitegemea ilikuwa hafifu, na hoja yenye nguvu nilifundishwa na mwanamke muuza khanga wa Kariakoo ambaye hakusoma kupita darasa la saba.

Kwanza hapana budi tuelewane juu ya dawa zenyewe. Dawa nyingi tulizozizoea, kama aspirini, ni vitu vya kemia vyenye umbo dogo, navyo huundwa kiwandani kwa kuchanganya kitu na kitu. Dawa ziitwazo za kibaiolojia ni namna nyingine. Hizo hutolewa na chembe hai zinazofugwa katika mapipa, nazo kwa umbo lake hufanana na vitu ambavyo mwili wenyewe huvitengeneza. Mwaka 1975, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein walionyesha njia ya kuzifanya chembe zitoe kingamwili za aina moja tu, kwa wingi autakao mtu. Wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kutokana na njia hiyo zilizaliwa dawa za baridi yabisi, za magonjwa ya matumbo na ya ngozi, na za saratani. Infliksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1998, adalimumabu ikafuata mwishoni mwa mwaka 2002, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitia adalimumabu katika orodha yake ya dawa za lazima.

Kazi ya dawa hizi mbili yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Mwilini mna mjumbe ambaye huiamsha ghadhabu ya kinga, nayo huonekana kwa joto, uvimbe na maumivu. Katika mtu mwenye baridi yabisi mjumbe huyo hapumziki, na viungo vya mikono na miguu huliwa kidogo kidogo na ulinzi wa mwili wenyewe. Dawa humkamata mjumbe, ghadhabu ikatulia. Lakini mjumbe huyo hakuwa na kazi moja. Yeye pia ndiye aliyesaidia kuwafungia vijidudu vya kifua kikuu ambavyo watu wengi wa nchi zetu wamevibeba mapafuni bila kuugua. Akiondolewa, vijidudu hivyo huweza kuamka, na jambo hili lilithibitishwa na waganga mwaka 2001. Tena kuna ajabu kubwa zaidi. Kwa baadhi ya wagonjwa, kinga iliyotulizwa upande mmoja huzuka upande mwingine. Mtu ambaye hakupata kuwa na magamba ya ngozi huota magamba kwa dawa ile ile inayowaponya wenye magamba. Wengi huonekana na kingamwili zinazolenga viini vya chembe zao wenyewe, ingawa hawahisi lolote; na wachache, pungufu ya mmoja katika mia, huugua kwa hakika ugonjwa unaofanana na lupasi.

Mtu aliyekulia Kariakoo hahitaji kitabu ili alielewe jambo hili. Nilipokuwa kijana nilisimama siku moja katika Mtaa wa Kongo, mahali ambapo watu hupita wakigusana mabega, nikasikia sauti ikipaa, "Mwizi!" Mchukuzi mmoja wa mizigo, kijana mwenye nguvu, alikuwa ameuona mkono ukichopoa mkoba naye akatimua mbio kumfuata mwenye mkono huo. Mwizi alikunja kona akaanza kutembea polepole kama mtu anayeulizia bei ya mchele. Aliyeonekana akikimbia ni mchukuzi. Umati ukamshika, na kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi mia alipigwa na watu ambao asubuhi ile alikuwa amewabebea mizigo. Aliokolewa na mwenye duka mmoja aliyepiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Nilichokiona baadaye kilinishangaza kuliko kipigo. Watu wale hawakuwa wabaya. Wawili miongoni mwao walimpeleka hospitali kwa gharama yao. Ukali uliompiga mchukuzi ndio uliolinda maduka yao siku nyingine zote. Wala hapana aliyeweza kusema, tuuondoe ukali huu tubaki salama.

Elimu ilichelewa kulikubali jambo ambalo soko lilikwisha kulijua. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Paul Ehrlich alifundisha kwamba mwili una kitisho cha asili kinachouzuia usijidhuru wenyewe. Wengi waliomfuata walidhani amesema kwamba jambo hilo haliwezekani kabisa, na kwa miaka mingi waliokuwa na ushahidi wa kinyume chake hawakupata masikio. Haikuwa mpaka mwaka 1956, huko Buffalo, ambapo Noel Rose na Ernest Witebsky walionyesha kwa sungura kwamba kinga yaweza kuchochewa ikaishambulia tezi ya shingo ya mnyama huyo huyo.

Lakini madhara ya dawa zitokanazo na viumbe hai yalikuwa yameonekana zamani zaidi. Mwaka 1890 Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walipata njia ya kutibu kwa seramu ya damu ya wanyama waliokwisha kukingwa, na baada ya muda mfupi watoto waliokuwa wakifa kwa dondakoo walianza kupona kwa seramu ya farasi. Siku nane au kumi na mbili baadaye baadhi ya watoto hao walipatwa na homa, vipele na maumivu ya viungo. Clemens von Pirquet na Béla Schick waliandika kitabu juu ya ugonjwa huo mwaka 1905, na Pirquet alitambua kwamba haukutoka katika sumu yoyote ya farasi: ulitoka katika mwili wa mtoto, uliokuwa ukijibu. Kitu kile kile kimwezeshacho mtoto kuukinza ugonjwa ndicho kilichomtoa vipele. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, ilipobidi maadili ya uganga yaanze ukurasa mpya. Sumu ni kosa la dawa, na dawa yaweza kusafishwa. Lakini jibu la mwili haliwezi kusafishwa lote, kwa kuwa ndilo lile lile tunalolitumia.

Mtu akitoka Kariakoo kwa miguu, akapita Mnazi Mmoja na mitaa ya katikati ya mji, atafika pwani penye jengo jeupe la hospitali ya Wajerumani ya mwaka 1897, ambalo leo ni la Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Robert Koch alifika mjini humu mwaka huo huo, akafanya uchunguzi wa malaria. Alikuja akiwa na jina kubwa na doa moja. Mwaka 1890 alikuwa ametangaza Berlin kwamba amepata kitu cha kutibu kifua kikuu, nacho kilikuwa dondoo la vijidudu vyenyewe, kwa jina tuberkulini. Wagonjwa walimiminika kutoka kila upande. Walipodungwa waliingiwa na homa kali, mapafu yao yakawaka, na wako waliokufa, kupona hakukuonekana. Wakati huo wote Koch alikuwa hajasema dawa yake imetengenezwa kwa kitu gani. Hakusema mpaka mwaka 1891. Makosa yake yalikuwa mawili. La kudhani kwamba dawa inaponya kumbe haiponyi ni kosa la elimu, na elimu isiyokosea haijazaliwa. La kuwadunga watu kitu ambacho wao na waganga wao hawakuambiwa ni nini, hilo ni la namna nyingine. Tuberkulini yenyewe haikutupwa. Ilikuja kuwa kipimo: tone dogo hudungwa ndani ya ngozi ya mkono, na uvimbe ukitokea baada ya siku mbili au tatu, ni dalili kwamba mwili umepata kukutana na kifua kikuu. Hicho ndicho kipimo alichofanyiwa shangazi yangu kabla ya kuanza dawa mpya, nami nilikuwa nimeketi kando yake.

Shangazi ana kibanda cha khanga na vitenge si mbali na Mtaa wa Uhuru. Muuza khanga huishi kwa vidole vyake. Hukunja na kukunjua, hukata doti kwa mkasi, huhesabu noti huku akizungumza na mteja wa pili. Baridi yabisi ilimwanzia vidoleni. Asubuhi alikuwa hawezi kufunga fundo la mzigo mpaka saa nne ipite. Alimeza vidonge vya methotreksati kila wiki kwa muda wa mwaka na zaidi, navyo vilimsaidia nusu. Ndipo daktari akamshauri mwanawe, binamu yangu, aliyeko Muscat kwa kazi, kwamba iko dawa ya sindano, adalimumabu, ya kila wiki mbili, ikiwa ataweza kuilipia. Binamu yangu aliweza.

Mazungumzo yalifanyika kwa simu, na sehemu kubwa yake ilikuwa kwa Kiingereza. Daktari alisema yote yaliyompasa kusema: kifua kikuu, magamba ya ngozi, lupasi, haja ya kupima damu kila baada ya muda. Binamu yangu akajibu kwamba amesikia, na akaomba jambo moja, kwamba mama yake asiambiwe, kwa kuwa ana shinikizo la damu na ni mtu wa kuhofu. Daktari alinyamaza kidogo, kisha akakubali. Kisha akanitazama mimi. Sikusema neno. Shangazi aliuliza, "Wanasemaje, mwanangu?" Nikamjibu, "Wanasema ni dawa nzuri, shangazi." Sikumwambia uongo, na kwa muda mrefu nilijitetea kwa hilo.

Dawa ililetwa na wasafiri katika mfuko wenye barafu, kwa maana haina budi kukaa katika baridi ya digrii 2 mpaka 8. Umeme ulipokatika, shangazi alikuwa akiipeleka kwa jirani yake, muuza mashuka mwenye jenereta na friji. Mama huyo aliipokea wakati wowote, hata usiku, bila kuuliza malipo. Katika mwezi wa tatu shangazi alikata doti mbele yangu, akainua mkasi juu akicheka kama msichana. Sitaki msomaji aisahau siku hiyo nitakapoendelea kusimulia. Dawa ilifanya kazi yake.

Mwezi wa nane akatokwa na wekundu mashavuni. Akadhani ni jua. Vikafuata vidonda vya kinywa na kunyonyoka nywele, akadhani ni sabuni, akabadili sabuni. Kisha magoti, ambayo hayakupata kumwuma tangu azaliwe, yakaanza kumwuma. Jua haliumizi magoti. Akaanza kutafuta sababu mahali ambapo mtu asiye na habari huitafuta, yaani katika nyuso za watu. Ni nani aliyekuwa akiishika dawa yake? Ni nani aliyejua kwamba mwanawe anamtumia fedha? Akaacha kumwamkia muuza mashuka. Akaacha kununua chai mahali pamoja naye. Miaka kumi na minane ya ujirani ikakatika bila neno, na yule mama, ambaye hakujua kosa lake, alilia kwa watu. Huku nyuma binamu yangu, aliposikia kwamba maumivu yamerudi, alidhani ugonjwa unaishinda dawa, akatuma sindano zaidi. Basi kwa muda wa miezi miwili na nusu tulikuwa tukilitibu jeraha kwa kisu kilichochoma.

Aliyetutoa katika giza hilo ni daktari kijana wa hospitali nyingine, ambaye shangazi alimwendea kwa sababu ya vidonda vya kinywa tu. Aliuliza swali jepesi: "Mama, kuna sindano yoyote unayochoma?" Damu ikapimwa. Dawa ikasimamishwa. Wekundu uliondoka katika wiki chache, na magoti yakatulia baada ya miezi. Siku tuliporudi nyumbani na majibu ya damu shangazi aliniuliza, "Ulijua?" Nikasema nilijua kidogo. Akakaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Mngeniambia ningekubali vilevile. Lakini ningejua cha kutazama."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Nilikuwa nikiwafundisha vijana kwamba mgonjwa ana haki ya kuambiwa kwa sababu mwili ni wake, na kwamba kumficha ni kumdharau. Hoja hiyo ni ya kweli, walakini ina udhaifu: humfanya mwambiwaji kuwa mpokeaji wa heshima tu, kama mtu anayepewa kiti cha mbele katika arusi. Mtu mwenye huruma, kama binamu yangu, huweza kujibu kwamba yuko tayari kumnyima mama yake heshima kidogo ili ampe afya. Na ikiwa mizani ina heshima upande mmoja na afya upande wa pili, sioni kwamba amekosea sana. Shangazi aliipindua mizani. Alionyesha kwamba habari ya madhara ilikuwa sehemu ya dawa yenyewe, kama baridi ilivyo sehemu yake. Dawa ya namna hii ikiwekwa juani imeharibika, hata kama chupa ni nzima. Vivyo hivyo, ikitolewa bila habari, imetolewa nusu. Daktari humwona mgonjwa siku moja katika mwezi au miezi mitatu. Siku nyingine zote, mtu pekee aliyepo pale kinga inapokosea njia ni mwenye mwili. Yeye ndiye mwenye duka wa Mtaa wa Kongo, awezaye kupiga kelele kwamba anayepigwa siye mwizi; na sisi tulikuwa tumemfunga kitambaa machoni kwa jina la mapenzi.

Najua yanayoweza kusemwa dhidi ya haya, na baadhi yake yana uzito. Yasemwa kwamba mtu akiambiwa madhara huyahisi hata yasipokuwapo, na waganga wamelithibitisha jambo hili mara nyingi: wagonjwa waliopewa vidonge visivyo na dawa huumwa kichwa na kichefuchefu wakiwa wameonywa juu ya kuumwa kichwa na kichefuchefu. Nakubali. Lakini hofu haitengenezi kingamwili katika damu. Aliyeonywa akaja na kichwa kinachouma ametupotezea saa moja. Asiyeonywa akanyamaza na magoti yake hupoteza miezi. Yasemwa tena kwamba lugha yetu haina maneno ya kueleza jambo gumu kama hili. Wanaosema hivyo, naona, wamechanganya kukosa istilahi na kukosa maneno. Istilahi hutungwa na kamati, na mwenye subira atazipata. Mlinzi aliyekosea, mwizi aliyetembea polepole na mchukuzi aliyepigwa wanaeleweka katika kila kibanda cha Kariakoo, na nilipomsimulia shangazi habari ile ya mchukuzi ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha kahawa.

Ugumu wa kweli ni kwamba huenda angalikataa. Shangazi asema angalikubali, lakini ni rahisi kusema hivyo mtu akiwa ameshavuka mto. Lau angalikataa, pengine vidole vyake leo vingekuwa vimepinda wasiweze kunyooshwa tena, na siku ile ya mkasi isingekuwapo. Sina jibu la kuuondoa uzito wa jambo hili, wala simwamini mtu anayedai kuwa nalo. Naweza kusema tu kwamba mtu anayekataa kwa hofu aweza kurudiwa kesho, akaelezwa tena, akaonyeshwa mwenzake aliyepona; mlango haujafungwa. Aliyekubali bila kujua hana mlango wa kurudia, kwa maana hajui kwamba aliingia.

Mtaa wenyewe wa Kariakoo una ukumbusho wa jambo hili katika jina lake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 hapo ndipo palipokuwa kambi ya wapagazi wa jeshi lao, Carrier Corps, na jina hilo likalainishwa na ndimi zetu. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu katika Afrika ya Mashariki, wengi zaidi kwa maradhi kuliko kwa risasi, wakiwa wamebeba mizigo ambayo hawakuulizwa juu yake. Silinganishi mateso yao na sindano iliyonunuliwa kwa mapenzi ya mwana. Nakumbusha tu kwamba kumbebesha mtu mzigo bila kumwambia uzito wake ni desturi tunayoifahamu, nasi tulikuwa wa kwanza kuilalamikia.

Iko pia habari ya umaskini, nayo hainipi raha. Dawa hizi zikiisha kununuliwa huja na gharama ya pili isiyoandikwa katika bei: vipimo vya damu, nauli, siku za kufunga duka, daktari wa kumrudia. Binamu yangu alilipa sindano bila kukosa, lakini vipimo vya damu viliachwa baada ya mara ya pili, kwa kuwa sindano ilionekana kuwa ndiyo tiba na kipimo kuwa ni karatasi. Bei inaendelea kushuka kwa sababu viwanda vingi sasa hutengeneza nakala za dawa hizi baada ya haki za watengenezaji wa kwanza kwisha, na ni jambo la kushukuru. Naona siku inakuja ambapo wengi katika mji huu wataweza kununua sindano na hawataweza kununua ulinzi wake. Wako watakaosema basi wasipewe. Hilo nalikataa, maana ni kumwadhibu maskini mara mbili. Lakini anayempa maskini dawa bila ulinzi amezidisha deni lake la kumweleza, kwa sababu pasipo na vipimo, macho ya mgonjwa ndiyo kipimo kilichobaki.

Msomaji ataniuliza, na dawa za saratani? Ziko nyingine ambazo hazimtulizi mlinzi, humfungua minyororo. Ipilimumabu, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2011, na ndugu zake waliofuata, huondoa breki za kinga ili iushambulie uvimbe. James Allison na Tasuku Honjo walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa uchunguzi uliozizaa. Mlinzi aliyefunguliwa huweza kuingia katika utumbo, ini, mapafu, tezi ya shingo, na mara chache moyo. Hapo hesabu ni nyingine, kwa kuwa upande wa pili wa mizani umeketi mauti. Mtu anayekufa huweza kukubali mengi. Hata hivyo kuharisha kwa mgonjwa huyo, ambako nyumbani kungeitwa chakula kibaya, huenda ni mlinzi aliyekwisha kuingia utumboni, na akienda hospitali mapema huweza kutulizwa kwa dawa. Akichelewa, utumbo huweza kutoboka. Naye hana budi kujua cha kutazama.

Nirudi kwa shangazi. Jambo la kwanza alilolifanya baada ya majibu ya damu halikuhusu hospitali. Alichagua doti moja ya khanga kutoka katika mzigo mpya, akaisoma jina lake mara mbili, akaikunja, akaivukisha njia kwa jirani yake muuza mashuka. Walikaa ndani muda mrefu. Jina la khanga hiyo sitaliandika hapa. Lilikuwa baina yao.

Vidole vyake vimeanza tena kukaza asubuhi. Daktari yule kijana amemwambia kwamba iko dawa nyingine ya kibaiolojia, isiyomgusa mjumbe yule bali inayopunguza chembe zitengenezazo kingamwili. Juzi nilimsindikiza. Binamu yangu alikuwa kwenye simu, tayari kuzungumza kwa Kiingereza. Shangazi aliichukua simu mkononi mwangu, akamwambia mwanawe asubiri, akaiweka mezani kifudifudi. Kisha akavuta kiti karibu na daktari na kumwuliza, "Haya, baba. Huyu mlinzi mpya, akikosea, ataanza kumpiga nani?" Daktari akaifunika kalamu yake, akaanza kumweleza.